Mali ya Posa na Machumo ya Ndoa: Uhakiki wa Lugha ya Talaka huko Kibua

1. Utangulizi

Uhakiki unaochapishwa katika kurasa kama hizi umezoea kuelekezwa kwenye riwaya, tamthiliya na mashairi. Desturi hiyo ni njema, wala hatukusudii kuipinga. Hata hivyo, mhakiki wa lugha hapaswi kusahau kwamba zipo matini ambazo hazijapata kuchapwa vitabuni, ilhali husikika mara nyingi kuliko shairi lolote na huamua maisha ya watu wengi kuliko riwaya yoyote. Mojawapo ya matini hizo ni maneno yasemwayo siku ndoa inapovunjika: wazee wa pande mbili wameketi, mke na mume wako pembeni, na kila neno linalotamkwa lina mtu litakayemnufaisha na mwingine litakayemnyima.

Makala haya yanachunguza matini mbili zinazokutana siku hiyo. Ya kwanza ni ya maandishi, nayo ni Kitabu cha Sheria za Jamaa cha Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yaani Sheria namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa kwa Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016. Matini hiyo iliandikwa kwa Kifaransa. Ya pili ni ya mdomo: ni mazungumzo ya baraza la jamaa kwa Kiswahili cha Kivu. Tumechagua kuyatazama mazungumzo hayo kutoka Kibua, kituo kilicho kwenye barabara itokayo Masisi kuelekea Walikale, kwa sababu mahali hapo panaonyesha wazi kazi ya Kiswahili. Wenyeji husema Kinyanga, Kihunde, Kinyarwanda na lugha nyinginezo. Ndoa inapounganisha jamaa mbili zisizo na lugha moja ya mama, Kiswahili ndicho huposea, na Kiswahili hicho hicho ndicho huachania.

Hoja yetu ni moja. Tunadai kwamba Kiswahili kinachotumika katika mabaraza hayo kimeweka hesabu mbili tofauti chini ya neno moja, yaani neno "mali", na kwamba kutokana na mchanganyiko huo maamuzi ya kisheria na ya kifedha yanayomhusu mke mara nyingi hayafikiwi. Wajumbe wa baraza hawakatai kuyafikia. Hawana neno la kuyaanzishia. Mwishoni tutapendekeza neno.

2. Kitenzi na mwenye kutenda

Tuanze na sarufi, kwa kuwa ndiyo inayopanga viti vya barazani kabla mtu hajaketi. Kila mwanafunzi wa Kiswahili anajua kwamba mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Kitenzi "oa" humpa mume nafasi ya mtenda, na kauli ya kutendwa humpa mke nafasi ya mtendwa. Mpangilio huo hurudi tena ndoa inapokwisha: mume ameacha, mke ameachwa. Ipo pia kauli ya kutendana, "wameachana", ambayo kisarufi huwagawia wote wawili kitendo sawasawa. Lakini kauli hiyo husikika zaidi katika habari zinazosimuliwa na majirani kuliko katika maneno ya baraza lenyewe.

Pwani mambo yamepangwa vivyo hivyo kwa neno lingine. Mume hutoa talaka, mke hupewa. Fiqhi ya Kiislamu hata hivyo imempa mke milango yake: anaweza kujikomboa kwa khului, akirudisha mahari au kitu kinginecho walichokubaliana, au akamwendea kadhi kuomba ndoa ifasihiwe. Kwa hiyo mwanamke wa Mombasa au Unguja, hata akiwa kiima cha kitenzi cha kutendwa, ana majina ya njia anazoweza kuzipita kwa miguu yake mwenyewe. Na kujua jina la mlango ni nusu ya kuufungua.

Huko Kibua, ambako walio wengi ni Wakristo, msamiati huo wa fiqhi haukuenea. Husikika zaidi misemo ya aina ya "amerudia kwabo", "bamemufukuza", "bamemurudisha kwabo". Misemo hii inastahili kutazamwa kwa makini. Kiswahili cha Kongo hakipendi sana kauli ya kutendwa. Mahali pake huweka kiambishi "ba-" kisicho na mtu maalumu. Anayesema "bamemuacha" hakumtaja mume. Wametenda "wao", na hao "wao" wanaweza kuwa mume, mama mkwe, baba mkwe au ukoo mzima. Katika Kiswahili sanifu mtenda aliyefichika nyuma ya "ameachwa" anaweza kufichuliwa kwa kuongeza "na mumewe". Katika "bamemuacha" mtenda yupo waziwazi, lakini hana uso. Basi nani ashtakiwe? Nani adaiwe chakula cha watoto? Sarufi yenyewe imekwisha kumtawanya mdaiwa.

Msemo "amerudia kwabo" nao unataja mahali alipo mtu, wala hautaji hali yake mbele ya sheria. Mwanamke aliyerudi kwao anaweza kuwa amekwenda kupumzika, amekimbia mapigo, au amefukuzwa asirudi tena. Kwa sheria ya Kongo huyo bado ni mke. Ndoa haivunjwi na safari, wala na baraza la jamaa; huvunjwa kwa hukumu ya mahakama tu. Aidha, sheria inasema kwamba mwenzi mmoja akijitenga kwa muda usiopungua miaka mitatu, hilo huchukuliwa kuwa dalili kwamba ndoa imeharibika isiweze kutengenezwa tena. Kwa maneno mengine, tangu siku ile majirani waliposema "amerudia kwabo", kuna saa inayohesabu. Msemo hauisikii saa hiyo. Miaka hupita bila mtu kuandika tarehe, na inapofika zamu ya kuthibitisha, pande mbili hubishana kama ilikuwa kabla ya mavuno ya maharagwe au baada yake.

Tulinganishe na matini ya maandishi. Kitabu cha Sheria za Jamaa kinampa kila mmoja wa wanandoa haki ya kuomba talaka, kwa sababu moja tu kubwa: kwamba muungano wao umeharibika kabisa. Anayeomba hupeleka maombi yake katika tribinali ya amani, ambayo ndiyo mahakama yenye mamlaka juu ya mambo ya jamaa, na mahakama hujaribu kwanza kuwapatanisha. Hakuna "-wa" wala "ba-" katika kifungu hicho. Kuna mwombaji na mjibuji, na kila mmoja anaweza kuwa yeyote kati ya hao wawili. Hapo ndipo tafsiri ya Kiswahili inapokosa nguvu. Yeyote atakayeeleza kifungu hicho kwa kusema "mume anaweza kuacha mke, na mke anaweza kuachwa" atakuwa amekifuta kabla ya kukifafanua.

3. Neno moja, hesabu mbili

Sasa tuingie katika kiini cha jambo. Katika Kiswahili cha Kivu, neno "mali" lina maana mbili. Maana ya kwanza inajulikana na Waswahili wote: vitu vyenye thamani alivyo navyo mtu. Maana ya pili ni ile ambayo pwani huitwa mahari: mbuzi, ng'ombe, fedha au vitu vinginevyo vinavyotolewa na upande wa mume kwa upande wa mke. "Amekwisha kutoa mali" maana yake ni kwamba ameoa kwa heshima. "Mali yetu irudi" maana yake ni kwamba ndoa imekwisha na upande wa mume unadai.

Sheria inazitambua mali zote mbili, ila haizichanganyi. Kwa upande wa posa, kifungu cha 361 kinamtaka mchumba na jamaa yake wapatane na wazazi wa mchumba wa kike juu ya mali itakayotolewa, na sehemu yake itolewe kabla ya kufunga ndoa. Kwa upande wa vitu vya nyumbani, kifungu cha 487 kinaweka taratibu tatu. Wanandoa wanaweza kuchagua kila mmoja awe na vyake. Wanaweza kuchagua vyote viwe vya shirika, vya zamani na vipya. Au wanaweza kuchagua njia ya kati, ambapo kila mmoja hubaki na vile alivyokuja navyo na vile alivyorithi, ilhali vile vilivyopatikana kwa kazi katika muda wa ndoa huwa vya shirika. Wasipochagua, sheria huwahesabu kuwa wamechagua njia ya kati. Na kwa kuwa ndoa nyingi za vijijini hufungwa bila mtu kuwauliza swali hilo, njia ya kati ndiyo huwa sheria yao.

Matokeo yake ni makubwa kuliko yanavyosemwa. Mwanamke wa Kibua ambaye hakupata kusikia habari za kifungu cha 487 ni mshirika wa pikipiki iliyonunuliwa katika ndoa yake, wa nyumba ya mabati iliyojengwa katika ndoa yake, na wa cherehani anayoiendesha. Ni mshirika wa madeni pia. Kwa Sheria ya 1987 usimamizi wa mali hizo ulidhaniwa kuwa wa mume. Mke alitakiwa kumtii mume na kupata idhini yake kabla ya kufunga ahadi zenye uzito wa sheria. Marekebisho ya 2016 yaliuondoa utii huo na idhini hiyo, yakawataka wanandoa wapatane na wasimamie pamoja, ingawa mume amebaki kuitwa mkuu wa nyumba.

Ili uzito wa jambo uonekane, tutunge mfano. Watu wake si halisi, wala bei zake si takwimu. Mume alitoa mbuzi 10 kwa wazazi wa mke. Wameishi miaka 12, wana watoto 4. Katika muda huo wamepata pikipiki ya dola 1,200, nyumba ya mabati ya dola 1,500 na cherehani ya dola 150. Wana deni la dola 350. Ndoa inavunjika. Barazani mtu anasema: "Mali irudi." Wote wanaelewa kuwa ni mbuzi. Wanabishana juu ya mbuzi wangapi warudi, na mara nyingi watoto waliozaliwa huingizwa katika hesabu ili kupunguza idadi. Tuseme wazee ni wakali na wanaamua mbuzi wote 10 warudi. Kwa bei ya dola 60 kila mbuzi, upande wa mke unalipa dola 600. Baraza linafungwa, watu wanapeana mikono, mke anabeba furushi lake.

Sasa tufungue hesabu ya pili. Jumla ya vilivyopatikana katika ndoa ni dola 2,850. Tukitoa deni la dola 350 zinabaki dola 2,500. Tukichukua nusu kwa nusu kuwa kipimo, fungu la mke ni dola 1,250. Katika baraza lile mwanamke ametoka akiwa na deni la dola 600 mgongoni mwa baba yake na kaka zake. Kwa hesabu ya pili angetoka akiwa na dola 1,250. Tofauti ni dola 1,850. Hakuna aliyeiba fedha hizo kwa kusudi. Neno "mali" lilikwisha kutumika, na lilipotumika kwa mbuzi halikubaki neno la kuitia pikipiki.

Wahenga wa pwani walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakimwonya mfanyabiashara. Katika ndoa za Kibua daftari lipo, ila lina ukurasa mmoja tu: ukurasa wa posa. Mbuzi waliotolewa miaka 12 iliyopita wanakumbukwa kwa rangi zao na kwa majina ya waliowaleta. Mabati yaliyonunuliwa mwaka jana hayana shahidi.

4. Ushuhuda wa utendi wa Mwindo

Huenda msomaji akasema kwamba tunaleta mawazo ya Kizungu katika mila ya watu. Lawama hiyo ni nzito, nasi hatutaki kuikwepa. Tuiulize fasihi ya mahali penyewe.

Wanyanga wa Walikale wana utendi wa Mwindo, uliosimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene mwaka 1969. Mwanzo wake unajulikana: Shemwindo, mtawala wa Tubondo, anawaamuru wake zake saba wazae mabinti tu, na anaapa kumwua mtoto wa kiume atakayezaliwa. Wasomaji wengi wameisoma amri hiyo kwa upande wa posa: binti huleta mali kwa baba yake, mwana humgharimu. Tukiisoma hivyo, utendi unatuonyesha mapema kwamba msimulizi aliujua ugonjwa tunaouzungumzia. Baba anayewahesabu watoto wake kwa mali ya posa peke yake ndiye mtu ambaye kisa kizima kinamwadhibu.

La kutazamwa zaidi ni mwisho. Ugomvi wa baba na mwana haumalizwi kwa mkuki. Unamalizwa kwa mkutano wa hadhara ambapo shangazi, Iyangura, mwanamke aliyeolewa mbali, anasimama na kumkosoa kaka yake mtawala mbele ya watu, kisha utawala unagawanywa kati ya baba na mwana. Hapa tunapata mambo mawili ambayo mabaraza yetu ya leo hudai kuwa ni mageni: mwanamke kusema barazani, na kitu kilichokuwa cha mmoja kugawanywa kwa wawili. Hayakuja na Kifaransa. Yalikuwamo katika usimulizi wa Kinyanga kabla ya sheria yoyote ya 1987.

Hatudai kwamba utendi ni kitabu cha sheria. Tunadai tu kwamba anayetaja mila ili kumnyamazisha mwanamke barazani ameisoma mila nusu.

5. Karatasi, na maneno yanayokosekana

Hesabu ya pili haifunguki bila ufunguo, na ufunguo huo ni uthibitisho wa ndoa. Sheria ya Kongo inaikubali ndoa iliyofungwa katika jamaa kufuatana na mila. Inataka tu iandikishwe kwa mwandishi wa serikali katika muda wa mwezi mmoja, ndipo itolewe akti ya ndoa. Harusi ya kanisani peke yake, hata iwe na picha, keki na kwaya, haitoi akti. Kadhalika, watu wanaoishi pamoja kwa mtindo ambao Wakongo wengi huuita "yaka tofanda", hawana ndoa mbele ya sheria, na basi hawana shirika la mali linalotokana na ndoa.

Kiswahili chetu hakizitofautishi hali hizi vya kutosha. "Bwana yangu" na "bibi yangu" husemwa na wote: walioandikishwa, waliobarikiwa na padri au mchungaji, waliotoa mbuzi tu, na wasiotoa kitu. Upole wa lugha ni sifa njema katika maisha ya kila siku, kwani hakuna anayependa jirani amkague. Siku ya kuachana upole huo humgeukia aliye dhaifu, kwa maana upande wenye nguvu huamka na kusema: "Huyu tulikuwa tunaishi naye tu."

Pamoja na hayo, historia ya eneo hili haijawasaidia wenye karatasi. Tangu vita vilivyoanza katika soko la Ntoto, Walikale, mwezi Machi 1993, wakazi wa Masisi na Walikale wamekimbia makwao mara nyingi, na anayekimbia usiku huchukua mtoto kwanza. Akti hubaki, huungua au hunyeshewa. Ndiyo maana ushahidi wa mdomo, wa wale walioshuhudia posa, una thamani kubwa katika nchi hii. Hapa tunakutana na jambo la ajabu: mbuzi wale wale ambao barazani humlemea mwanamke ndio wanaoweza kumwokoa mahakamani, kwa kuwa kukumbukwa kwao ni dalili kwamba palikuwa na ndoa. Mashahidi wa mali ya posa ndio mashahidi wa ndoa, na penye ndoa pana hesabu ya pili.

6. Waswahili wengine wamesemaje?

Tatizo la kuitaja hesabu ya pili si la Kibua peke yake. Huko Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliipa mahakama, katika kifungu cha 114, uwezo wa kugawa mali iliyopatikana katika ndoa kwa juhudi za pamoja. Likazuka swali: mke aliyekaa nyumbani akipika, akifua na kulea, amejuhudi katika kupata mali? Mahakama ya Rufani ilijibu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao, maana mahakama iliona kwamba fedha alizopewa na mume kwa ajili ya biashara hazikuleta faida kwa jamaa. Lakini kanuni ilibaki, na wake wengi waliokuja baadaye wameisimamia.

Kenya nayo, katika Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013, imeorodhesha waziwazi michango isiyo ya fedha: kazi za nyumbani, ulezi wa watoto, usimamizi wa mali, kazi ya shambani, na hata kumpa mwenzi uandamani. Mwezi Januari 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilifafanua kwamba orodha hiyo haimaanishi nusu kwa nusu katika kila shauri. Kila mmoja apate kwa kadiri ya mchango wake. Kwa maoni yetu kipimo hicho kinamdai mke kazi ngumu ya kuthibitisha, kuliko kile cha shirika la Kikongo. Sheria ya Kongo, katika jambo hili, ina ukarimu ambao wenyewe hawaujui.

Linalotuhusu sisi wanalugha ni kitenzi ambacho Watanzania wamekichagua. Husema "mali waliyochuma pamoja". Kitenzi "chuma" kina maana ya kukwanyua tunda, jani au ua, na kina maana ya kupata faida kwa kazi. Jina lake lipo tangu zamani katika Kiswahili: "chumo", wingi "machumo". Hatuna haja ya kubuni neno wala kuazima la Kifaransa. Tunapendekeza kwamba katika Kiswahili cha Kivu tuseme "mali ya posa" kwa hesabu ya kwanza na "machumo ya ndoa" kwa hesabu ya pili.

Faida ya pendekezo hili haiko katika uzuri wa sauti. Neno "machumo" lina mkono ndani yake. Halisikiki bila kuuliza ni nani aliyechuma. Mwanamke anayelima muhogo na maharagwe na kuuza sokoni hawezi kuambiwa kwamba hakuchuma. Linakubali pia kutendwa na watu wawili bila kupindishwa: "walichuma pamoja". Tena halimnyang'anyi mzee neno lake. Mali ya posa inabaki na heshima yake. Inaondolewa tu katika kiti kisicho chake.

7. Maswali ya kuulizwa barazani

Uhakiki usiofika barazani utabaki kuwa mapambo. Tunapendekeza mpangilio wa maswali ambayo mwalimu, katekista, mchungaji au mzee anaweza kuyauliza kwa Kiswahili, bila kuwa mwanasheria.

Kwanza: Ndoa hii iliandikishwa? Ikiwa hapana, mashahidi wa posa ni nani? Pili: Siku ya kufunga ndoa, mlichagua utaratibu gani wa mali? Ikiwa hamkuchagua, mnajua kwamba mna shirika la machumo? Tatu: Kila mmoja alikuja na nini, na alirithi nini? Nne: Machumo ya ndoa ni yapi, na madeni ni yapi? Yaandikwe kabla ya mtu kutaja mbuzi. Tano: Watoto watakaa wapi, na chakula, mavazi na karo vitatoka kwa nani? Hapa msemo "watoto ni wa baba" usifunge mjadala. Sheria inatazama faida ya mtoto, na kumlea mtoto ni wajibu wa wazazi wote wawili hata wakiachana. Sita: Mali ya posa irudi au isirudi, na kwa kiasi gani? Saba: Nani atapeleka maombi katika tribinali ya amani, na gharama za safari, za karani na za avoka, akiwepo, zitatoka wapi?

Swali la saba si dogo. Mtu wa Kibua anayekwenda mahakamani hulipia barabara, chakula, malazi na siku za kazi zilizopotea. Wengi hukata shauri la kuyaacha mambo yalivyo kwa sababu ya gharama hizo, na hatuwezi kuwalaumu. Lakini kuyaacha nako kuna gharama yake: mke anayeolewa tena kabla ya hukumu hana ndoa ya pili mbele ya sheria, na watoto wa nyumba mbili watakuja kugombana juu ya urithi ambao mipaka yake haikuwekwa. Inafaa basi anayeamua kutokwenda aamue akijua anachokiacha.

Tumeweka mali ya posa katika nafasi ya sita kwa makusudi. Katika baraza la kawaida huwa ya kwanza, na mara nyingi ya mwisho. Mpangilio wa maswali ni sehemu ya matini, kama vile mpangilio wa beti ni sehemu ya shairi. Swali linalotangulia ndilo linalowapa wasikilizaji kipimo cha yote yatakayofuata.

8. Hitimisho

Baadhi ya wenzetu watasema kwamba umaskini na vita ndivyo vinavyomnyima mwanamke haki yake, wala si msamiati. Hatuwabishii juu ya umaskini na vita. Tunawakumbusha tu kwamba hata katika kijiji kilichochomwa, siku ya kuachana mbuzi wa posa huhesabiwa kikamilifu. Umaskini haukuzuia hesabu hiyo. Kinachohesabiwa ni kile chenye jina, na mtu wa kukidai kwa jina hilo.

Kazi ya idara zetu za Kiswahili ni kuandaa Kiswahili cha kuelezea Kitabu cha Sheria za Jamaa, kifungu kwa kifungu, katika lugha inayosikika Masisi, Walikale na kwingineko, bila "ba-" ya kumficha mdaiwa na bila "-wa" ya kumfanya mwombaji kuwa mtendwa. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji wanafunzi wa lugha wakae na mahakimu, wazee na wanawake wa sokoni, wakiwa na daftari lenye kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza umekwisha kuandikwa na mababu. Wa pili unaanza na neno "machumo".